Pua Ilimchoka Kabla ya Miguu: Kisa cha Mbwa Aliyeanguka Juu ya Mto Snake

Jumamosi ya mwisho ya Septemba, saa sita kasoro dakika 10 mchana, tukiwa mawindoni, mbwa wangu Pili alianguka ubavu kwenye mteremko wa mawe kando ya Mto Snake, upande wa jimbo la Idaho nchini Marekani, juu ya bwawa la Brownlee. Hakulia. Alijaribu kuinuka mara mbili, miguu ya nyuma ikamkataa, akabaki amelala akitweta, macho wazi lakini hayanioni. Hewa ilikuwa nyuzi 24 tu. Mimi nilikuwa na shati la mikono mirefu na wala sikuwa nimelowa jasho.

Pili alipona. Kinachonifanya niandike ni jambo nililoligundua wiki mbili baadaye, nilipokaa mezani na rekodi ya kola yake ya GPS. Alikuwa ameshaniambia kwamba hali yake si nzuri, zaidi ya saa nzima kabla ya kuanguka. Nami nilimjibu kwa kumkemea.

Ndege tuliyekuwa tukimfuata anaitwa chukari. Kwetu Kongwa, Tanzania, ungemwita kwale, na usingekosea sana: ana mwili wa kijivu, mdomo na miguu myekundu, mbavu zenye milia, na mstari mweusi unaopita machoni ukashuka kuzunguka koo kama mkufu. Uzito wake ni nusu kilo na ushee. Si mwenyeji wa Marekani. Asili yake ni milima mikavu kuanzia Uturuki hadi Pakistani, India na Nepal, na Wapakistani wamemfanya ndege wa taifa lao. Majimbo ya magharibi ya Marekani yalianza kumwachia porini kwa bidii miaka ya 1930, na kufikia 1947 Nevada ilikuwa imefungua msimu wake wa kwanza wa kumwinda. Alishika makazi upesi kwa sababu chakula chake kilikuwa kimemtangulia. Nyasi iitwayo Bromus tectorum, ambayo wenyeji huiita chitigrasi, iliingia kutoka Ulaya na Asia katika karne ya 19 ikatandaa vilima vyote hivi. Wafugaji wanaichukia kwa sababu inakauka mapema na kuwaka moto kama petroli. Chukari anaishi kwayo, majani mabichi ikichipua na mbegu ikikauka. Sisi tunaozungumza Kiswahili hapa Boise, mji mkuu wa Idaho, tuko wengi, hasa ndugu zetu kutoka Kongo, na nadhani ndiyo maana tunampenda ndege huyu: naye alikuja kutoka mbali akajifunza kuishi penye mawe.

Tabia yake moja ndiyo inayoamua kila kitu katika uwindaji huu. Chukari hukimbia kwa miguu kupanda mlima, na huruka kushuka. Ukimkuta chini, atakuacha akipanda kama kanga wa kwetu anavyokimbia kabla ya kukubali kuruka, ila huyu anapandisha genge. Ukimkuta juu, atajirusha bondeni na kukuachia kazi ya kushuka mita 300 kumtafuta. Kwa hiyo mwindaji hupanda alfajiri, akafika juu, kisha akatembea kwa kuzunguka kilima bila kupoteza kimo. Mbwa ndiye anayepanda na kushuka kwa niaba yake. Ukitembea kilomita 7, yeye amekimbia 20.

Pili ni pointa wa Kijerumani mwenye manyoya mafupi, jike, miaka 5, kilo 25, rangi ya kahawia iliyokoza kama kahawa. Alizaliwa wa pili kwenye uzao wake, jina likabaki. Kazi yake si kumkimbiza ndege. Anakata mteremko kushoto na kulia akitafuta harufu hewani, na akiinasa anaganda: mkia umenyooka, mguu mmoja juu, pua imeelekea walipo. Anakaa hivyo hata dakika 5, mpaka mimi nifike nikitweta na bunduki yangu ya marisau. Mimi ndiye ninayewarusha. Mbwa akiwasogelea mno wakaruka kabla sijafika, hilo ni kosa, na mbwa aliyefundishwa vizuri hulifanya mara chache sana.

Siku ile tulikuwa wawili, mimi na ndugu yangu kutoka Kalemie, Kongo, ambaye ndiye aliyenifundisha kuwinda huku. Tulianza saa moja na nusu asubuhi, joto likiwa nyuzi 9. Upande wa Idaho, vilima vya korongo hutazama magharibi, hivyo jua huchomoza nyuma yake na wewe unapanda kivulini kwa muda mrefu. Isitoshe, asubuhi hewa baridi huteremka kutoka juu. Ilikuwa inatupiga usoni, ikimpulizia Pili baridi na kumletea harufu ya kila kiumbe kilichokuwa juu yetu. Saa ile ya kwanza ilikuwa ya raha mno. Aliganda mara tatu, mara mbili kwa kundi la kweli, mara moja kwa panzi au kwa harufu iliyobaki. Nilipata ndege wawili. Saa ya pili aliganda mara mbili nikapata mmoja. Sheria inaruhusu 8 kwa siku, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu.

Saa nne kasoro robo jua lilivuka mgongo wa kilima. Tukasimama, nikamwekea Pili maji kwenye bakuli la kukunja. Alikuwa amekunywa vizuri kituo cha kwanza. Safari hii alilamba mara nne tano akageuza uso. Nikasema, hana kiu. Nikamwaga yaliyobaki chini, jambo ambalo bado linaniuma.

Saa nne na dakika 20 alilivamia kundi la ndege kama 15 akalirusha mbele yangu mita 80. Hakuwa ameganda hata sekunde moja. Nilishangaa, nikamwita, nikamkemea kwa sauti kali. Dakika 12 baadaye akafanya vile vile kwa kundi dogo. Mara hii nilimshika kola nikamwambia “hapana” mara tatu, nikamlaza chini juani mpaka atulie. Ndugu yangu aliyekuwa juu kidogo alisema, “Kaka, mwangalie ulimi.” Nilimwangalia. Ulimi ulikuwa mrefu na umepanuka nchani kama kijiko. Nikasema ni kawaida, anafanya kazi.

Kundi lile dogo lilikuwa limetua kwenye bonde la pembeni, na tulilisikia likiitana: chuk, chuk, chuk, sauti ambayo ndiyo iliyompa jina. Tukaona wanapanda kwa miguu kuelekea ukuta wa mawe meusi. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi. Ningeweza kurudi nyuma kwenye ubavu wenye kivuli na kuanza kushuka taratibu. Nikasema tuwafuate.

Sisi tuliolelewa karibu na ikweta huwa hatuulizi mteremko unatazama wapi, kwa sababu jua letu liko utosini. Huku kaskazini jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima, na ubavu wa bonde unaotazama kusini unaokwa tangu asubuhi wakati ule wa ng'ambo, unaotazama kaskazini, bado una umande. Chukari wale walipanda ubavu unaotazama kusini. Mawe ya basalti yalikuwa yameshapata moto kiasi kwamba nilipoweka kiganja niliondoa. Kipimajoto changu kwenye begi kilisema 24. Lakini pua ya Pili iko kimo cha goti langu, katikati ya nyasi kavu zinazozuia upepo, na huko chini palikuwa ni pengine kabisa.

Tulipanda dakika 50. Baada ya nusu saa aliacha kukata kushoto na kulia, akaja kutembea nyuma ya miguu yangu. Nikadhani kemeo limemwingia, amenyenyekea. Alisimama mara mbili chini ya kichaka cha seji. Mara ya tatu akaendelea, akayumba, akaanguka.

Kilichofuata kilienda vizuri kuliko kilichotangulia, na sifa ni za ndugu yangu. Mimi nilipiga magoti nikimwita jina. Yeye alivua begi, akatoa kipimajoto cha matako ambacho nilikuwa nikimcheka kwa kukibeba, akapima: 41.7. Mbwa mzima huwa na 38 hadi 39.2. Mbwa anayekimbia anaweza kufika 41 kwa muda na asidhurike, ila akishafika hapo na kuyumba na kutomtambua bwana wake, ubongo umeshaguswa, na kila dakika ina hesabu yake.

Tulikuwa na lita moja na nusu. Tulimmwagia yote tumboni, makwapani, mapajani na shingoni, tukimchanua manyoya kwa vidole ili maji yafike kwenye ngozi, na ndugu yangu akimpepea kwa kofia. Nilitaka kumfunika kwa fulana iliyolowa. Akanikataza, na alikuwa sahihi: kitambaa chenye maji kikikaa juu ya mbwa hupata joto lake haraka, kisha kinakuwa blanketi. Hatukumlazimisha kunywa pia, maana mbwa aliyepotewa na fahamu huweza kuvuta maji mapafuni.

Mita 600 kutoka pale, kwenye kijichemchemi, kuna hori la chuma la kunyweshea ng'ombe tulilolipita asubuhi. Tulimbeba kwenye koti kama machela. Tulimtumbukiza mpaka shingoni, mimi nikishikilia kichwa. Maji yalikuwa baridi sana. Baada ya dakika 4 alisoma 40.6. Baada ya dakika 9, 39.5, tukamtoa papo hapo, kwa sababu mwili huendelea kupoa wenyewe na ukimwacha humo atashuka kupita kiasi. Alinyanyua kichwa akaniangalia mimi, safari hii mimi kweli. Sina maneno ya kulieleza lile tukio.

Ndugu yangu alisema, “Bado tunaenda kwa daktari.” Mimi nilimwona mzima. Kama ningekuwa peke yangu huenda ningempeleka nyumbani. Saa moja na dakika 20 za barabara tuliendesha na madirisha wazi. Daktari wa mifugo alitueleza kwamba joto la kiwango kile huumiza kuta za utumbo, figo, na mfumo wa kugandisha damu, na madhara yake hujionyesha baadaye, siku ya pili au hata ya tatu, mbwa akiwa ameshaanza kutikisa mkia. Vipimo vya jioni ile vilionyesha sukari iko chini na damu inachelewa kuganda kidogo. Asubuhi yake chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa zimepungua. Alikaa kwa dripu siku mbili. Figo zilisalimika.

Sasa rekodi. Kola huandika mahali alipo mbwa kila sekunde chache. Saa ya kwanza Pili alikimbia kilomita 6.1, ya pili 5.8, ya tatu 5.9. Ukitazama umbali peke yake utasema mbwa huyu hana tatizo lolote, na ndivyo nilivyosema mara ya kwanza nilipoitazama. Miguu haikupungua mpaka nusu saa ya mwisho. Lakini nilipochora alama za mahali alipoganda, nikaona saa ya tatu hakuna hata moja. Sifuri, katika eneo lenye ndege wengi kuliko asubuhi nzima, na makundi mawili ameyakanyaga.

Mbwa anayetweta kwa nguvu hupitisha hewa nyingi mdomoni. Hana namna nyingine, kwa kuwa jasho lake linatoka kwenye nyayo tu na halimsaidii kitu. Ulimi na mapafu ndiyo feni yake. Lakini harufu huingia kwa pua, kwa pumzi fupifupi za kunusa. Ni vigumu afanye yote mawili vizuri kwa pamoja. Kadiri anavyohitaji kupoa ndivyo anavyoacha kunusa, na ukavu wa hewa unamkausha hata utando wa pua. Pili hakuwavamia wale ndege kwa utovu wa adabu. Hakujua kama wapo. Miguu yake ilikuwa bado inafanya kazi kwa sababu mbwa wa aina hii amezaliwa kwa vizazi vingi asichoke akiwa kazini, na moyo wake hauna breki. Pua ndiyo iliyosema ukweli kwanza, nami nikaisikia kama ukaidi.

Kuna upepo pia, ambao nilikuwa siuwazii. Jua likishapasha mteremko, hewa hugeuka: badala ya kushuka inapanda. Tulipoanza kupanda lile bonde la pembeni, upepo ulikuwa mgongoni mwetu, ukienda karibu na mwendo wetu. Maana yake mbwa alikuwa ndani ya hewa isiyosogea, hapozwi na chochote, na harufu ya ndege waliokuwa juu ilikuwa ikipelekwa mbali naye. Hata angekuwa mzima asingewapata. Nilimpandisha kwenye tanuri kwa ajili ya ndege ambao hakuna mbwa yeyote angeweza kuwanusa saa ile.

Tumebishana sana, mimi na ndugu yangu, juu ya sababu nyingine. Yeye analaumu rangi ya manyoya. Nakubali kahawia huvuta jua, lakini mbwa yule yule, rangi ile ile, aliwahi kuwinda saa tano Oktoba bila shida. Ninalotilia uzito zaidi ni kiangazi kilivyopita. Nilimfanyisha mazoezi siku 5 kwa wiki, kando ya mto, jioni jua likizama, akimaliza anaogelea. Nilijisifu kwamba yuko tayari. Alikuwa tayari kwa kukimbia, si kwa joto. Mwili huzoea joto kwa kulionja kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na mimi nilimkwepesha joto lote kwa wema. Tena nilimlisha bakuli zima saa kumi na moja alfajiri. Siku hizi anakula jioni ya kuamkia safari, na asubuhi kipande kidogo tu.

Na maji. Kukataa maji kituo cha pili nilikusoma kinyume. Mbwa anayetweta kwa nguvu mara nyingi hawezi kusimamisha pumzi ili anywe. Ningekaa naye kivulini dakika 10, pumzi ikashuka, angekunywa. Badala yake niliangalia saa.

Watu wa huku huchukulia Septemba kama sikukuu, kwa sababu msimu umefunguliwa na makundi yako karibu na maji, ni rahisi kuyapata. Mvua za vuli hazijaja, kwa hiyo ndege hawawezi kwenda mbali na chemchemi. Naelewa mvuto huo. Lakini kinachomleta chukari karibu na maji ni kile kile kinachomuua mbwa, na maoni yangu ni kwamba asiyeweza kuwa amerudi garini saa nne asubuhi asubiri Novemba. Najua wengi hawatanikubalia.

Daktari alisema mbwa aliyewahi kuangushwa na joto huangushwa kirahisi zaidi mara ya pili. Nilimpumzisha wiki 8. Kumfungia nyumbani milele sikuweza. Alikuwa analala mlangoni na kola yake mdomoni.

Mwishoni mwa Novemba tulirudi, ubavu unaotazama kaskazini, barafu nyembamba juu ya mawe, nyuzi 3. Nilibeba lita 4 za maji peke yangu. Kila dakika 20 nilimwita akanywa kidogo. Aliganda mara mbili vizuri sana, mkia ukitetemeka nchani kama zamani. Kisha, saa nne kasoro, alilivamia kundi la ndege 10 hivi akalirusha mbali na bunduki.

Nilifungua bunduki nikatoa risasi. Nikakaa kwenye jiwe nikamwita kwa sauti ya kawaida, akaja. Nilitia mkono kwapani, nikatazama ulimi, nikapima: 39.3. Upepo tu, ulikuwa umegeuka, yeye hana kosa wala homa. Hata hivyo nilimwekea bakuli, akanywa lote, akaegemeza kidevu juu ya buti langu. Chukari walikuwa wakiitana juu yetu kwenye ukuta wa mawe, karibu kabisa. Ndugu yangu akaniuliza kama tunapanda. Nikamwambia aende, sisi tunashuka.